Usiniambie Yaishe

Mwanangu Zuhura,

Salamu nilikupa asubuhi ukaniitikia huku unaangalia mlango, kwa hiyo sizirudii. Mimi ni mzima, wewe ni mzima, tumo nyumba moja, na kati ya chumba changu na chumba chenu ukumbi wenyewe hauzidi hatua kumi. Hata hivyo nakuandikia. Shangazi zako wakiuliza mama amepatwa na nini hata amwandikie barua mtu ambaye akikohoa anamsikia, waambie mama amechoka kukatizwa. Barua mtu anaweza kuichana, lakini hawezi kuiambia yaishe ikiwa katikati ya neno.

Kesho mnapanda gari la moshi kwenda Tabora. Fungate imekwisha, siku saba mume wako amekula ndani ya nyumba yangu, na mila inasema sasa ni haki yake kukuchukua. Sitakuandikia habari za kupika wala za kupokea wageni. Hayo umefundwa na shangazi yako Hadija, ambaye ndiye somo yako, kwa kuwa kwetu mama hamfundi bintiye. Mimi kungwi, niliyewafunda wasichana wa nusu ya mtaa huu jinsi ya kukaa na waume zao, siku yako niliwekwa uani pamoja na wapishi nikakuna nazi. Sikuona vibaya. Lakini alichokufundisha Hadija nakijua, maana Hadija nilimfundisha mimi, na katika hayo limo jambo moja ambalo nataka ulitoe kichwani kabla hujapanda hilo gari.

Unakumbuka ya asubuhi. Tulikuwa mkekani, wewe unammiminia mumeo chai, wajomba zako wawili wapo. Nikasema, "Mwanangu Salehe, Mungu akijaalia, mimba ya kwanza Zuhura atakuja kujifungulia hapa kwetu, siyo?" Swali hilo halina kiburi. Kila msichana wa huku uzazi wa kwanza huzalia kwa mama yake, na mimi mwenyewe nilikuzaa wewe mikononi mwa bibi yako. Salehe akacheka kidogo. "Haina neno, mama." Nikangoja aongeze, hakuongeza. Nikamwuliza, "Haina neno maana yake atakuja?" Akasema, "Usiwe na wasiwasi, mama." Basi nikauliza mara ya tatu, atakuja mimba ikiwa ya miezi mingapi, na nani atamleta, kwa kuwa Tabora si Ilala. Hapo akaweka kikombe chini polepole, akasema kwa sauti tamu kabisa, "Haya, mama. Yaishe."

Yaishe nini? Hatukuwa tunagombana. Mimi nimeuliza swali, na yeye kwa neno moja amelifanya ugomvi, na mgomvi nikawa mimi. Uliona wajomba zako walivyonitazama. Nikakugeukia wewe, nikidhani utasema lolote, hata la kumtetea, nawe ukasema, "Mama naye. Yaishe basi."

Tangu hapo nimekaa najiuliza kwa nini neno lile limenikaa kooni. Ingekuwa amenitukana ningejua pa kushika. Ingekuwa amesema, "La, mama, atazalia Tabora, kuna daktari wa serikali," ningebishana naye mpaka adhuhuri, na huenda angenishinda, maana mimi daktari wa Tabora simjui. Lakini hakusema atakuja wala hakusema haji. Amenichukulia swali langu mkononi akaliweka mahali ambapo siwezi kulifikia bila kuonekana mama mkwe mkorofi. Na mpaka sasa ninapoandika, Zuhura, sijui jibu. Wewe unalijua?

Utasema namsingizia. Huenda. Mimi mtu ambaye kwa siku saba hakosei hata mara moja namwangalia. Kila asubuhi shikamoo, akitaka kupita uani hodi tatu, kanzu anaikunja mwenyewe. Lakini nimemsikiliza pia. Mjomba wako alipokuwa anamweleza habari ya kile kiwanja chetu, Salehe alisema "ni kweli hilo" kabla mjomba hajafika kwenye jambo lenyewe, akatoa saa yake mfukoni akaitazama. Jirani yetu Mama Fumo alipomwambia kwamba wewe una pumu ya vumbi, akasema, "Hayo madogo." Ni karani wa stesheni, na makarani kazi yao ni kukaa dirishani watu wakija kuuliza mizigo yao, na dirisha wanafunga wao. Labda ni mazoea ya kazi tu, nami namwonea. Lakini nimeishi miaka mingi mno, siwezi kuamini kwamba ni mazoea ya kazi tu.

Nikueleze habari ya mtu ninayemwamini mjini hapa. Ni Bwana Nasoro, yule Mwarabu wa duka la kona. Zamani, wewe hujazaliwa, alinipimia mchele una mawe. Nikaurudisha. Akaniambia mbele za watu kwamba mchele wake hauna mawe, labda meno yangu ndiyo mabovu. Nikamwambia meno yangu yalikuwapo kabla ya duka lake. Tulipandishiana sauti pale mpaka watu waliotoka sokoni wakasimama kusikiliza. Mwisho akachukua ungo, akamwaga mchele wote, akaupembua kwa mikono yake mwenyewe, na alipoyaona mawe akamlaani aliyemwuzia, akanibadilishia. Hajaniomba radhi mpaka leo. Wiki ile ile nilikwenda duka jingine karibu na soko kwa shida kama hiyo, na mwenyewe akaniambia, "Haina neno, mama yangu, karibu tena," akamgeukia mteja mwingine huku anatabasamu. Nilifika Mnazi Mmoja ndipo nikagundua kikapu changu kina mchele ule ule niliokwenda nao.

Marehemu baba yako naye, Mungu amrehemu, alikuwa na lake. Alikuwa akisema, "Umeshinda, mke wangu." Mwaka mmoja nilimwambia makuti ya upande wa kisimani yameoza. Akasema yana mwaka mzima mbele yake. Nikamshika mkono nikampeleka kumwonyesha jua linavyopita. Akanyanyua mikono yote miwili juu, "Umeshinda, mke wangu, umeshinda," akatoka kwenda barazani kucheza bao. Nikabaki na ushindi wangu, sijui niuweke wapi. Masika yalipoanza tulipanga sufuria tatu chumbani, na wewe mdogo ukapata kikohozi kilichokukalia mwezi mzima. Nilipomkumbusha alisema, "Lakini si nilikubali kwamba umeshinda?" Na kweli alikuwa amekubali. Makuti ndiyo hayakubadilishwa. Nilimpenda baba yako na alikuwa mtu mwema, lakini neno lile lilinifanya nijisikie mtoto anayepewa kijiko ashike ili anyamaze.

Ningekuwa na akili ningejifunza pale. Sikujifunza. Mimi nilikwenda nikalifanya somo.

Unamfahamu Mwanaidi, yule mrefu anayeuza vitumbua Ilala, ambaye nikikutana naye njiani huwa nakuambia tupite upande wa pili. Hujawahi kujua sababu. Mwanaidi ni mwari wangu wa kwanza. Nilimfunda mwenyewe, siku zote alizokaa ndani ni mimi niliyekuwa naye, na nilimfundisha kama nilivyofundishwa: bwana akipandisha sauti wewe shusha, bwana akisema yaishe, yaishe. Nilimwambia mwanamke mwenye maneno mengi nyumba yake haikai. Alikuwa msikivu. Niliwaambia watu huyu ndiye mwari, si wengine.

Akaolewa na Abeid, aliyekuwa anafanya kazi bandarini, kijana mpole, hata sigara havuti. Wakapata mtoto, Tatu. Mtoto alipokaribia miaka mitatu Abeid alimpeleka Kilwa kwa dada yake, akamwambia Mwanaidi ni kwa mwezi mmoja, shangazi amemtamani. Hilo si geni, watoto wetu wangapi wamelelewa na shangazi. Mwezi ukaisha. Mwanaidi akauliza, mtoto anarudi lini? Abeid akasema, "Haina neno." Akauliza tena mwezi wa pili. "Yaishe, mke wangu." Hakumpiga, hakumfokea. Alimnunulia kanga.

Mwanaidi akaja kwangu, kama inavyompasa mwari mwenye shida. Alikaa pale pale jikoni unapokaa wewe ukipepeta. Akasema, "Somo, Abeid hagombani nami."

Nikacheka. Nikamwambia, "Wenzako wanakuja hapa na macho yamevimba, wewe unashitaki amani?"

"Ingekuwa tunagombana ningejua anafikiri nini," akasema. "Nikiuliza habari ya Tatu ananijibu kwa upole, na nikitoka pale sina nilichojibiwa. Naogopa, somo."

"Unaogopa nini?"

"Sijui. Ndiyo maana naogopa."

Nikamwambia, "Punguza maneno, mwanangu. Mtoto yuko kwa shangazi yake, hayuko kwa jini." Nilijiona nimesema jambo la busara. Akaniitikia "Haya, somo," akanisaidia kuosha vyombo, akaenda zake. Alikuja mara nyingine mbili, nami nikamjibu vile vile, mara ya mwisho nikiwa nimesimama mlangoni bila hata kumkaribisha, kwa kuwa nilikuwa na arusi ya watu.

Mwaka ukapita. Ndipo ikajulikana kwamba Abeid hakuwa na nia ya kumrudisha mtoto kamwe. Dada yake hakuzaa, na walikwisha kukubaliana wao kwa wao kabla mtoto hajapelekwa. Kila mtu wa upande ule alijua isipokuwa mama wa mtoto. Mwanaidi akalipeleka neno kwa wazee wa mtaa, na wazee wakakaa barazani, sisi wanawake tuko ndani nyuma ya mlango. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia mwari wangu.

Abeid alisema kwa adabu kubwa. Akasema mkewe hakukataa hata siku moja. Alikuwa akiuliza, akiambiwa yaishe ananyamaza, na mtu anayenyamaza mwaka mzima ameridhika. Halafu akasema, "Muulizeni somo yake. Si yeye aliyemfunda hivyo?"

Nikaitwa mlangoni. Mzee akaniuliza, "Bibi, ni kweli ulimfundisha mwari wako kwamba mume akisema yaishe, jambo limekwisha?" Nikasema ni kweli. Nilitaka kuendelea, nilitaka kusema kwamba alikuja kwangu mara tatu, kwamba hakuridhika, kwamba mimi ndiye niliyemziba mdomo. Nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi. Mzee akasema, "Basi, bibi, tumekusikia." Akawageukia wenzake. Na mimi, kungwi mzima ninayeogopwa na wasichana wa mtaa mzima, nikarudi nyuma ya mlango nikakaa. Ndivyo nilivyofundishwa.

Mtoto akabaki Kilwa. Mwanaidi aliwahi kumfuata huko baada ya muda, na yule mtoto akamwamkia "shikamoo" vizuri kabisa, akaenda kujificha nyuma ya nguo ya shangazi yake. Hayo nimeyapata kwa watu, yeye hajanieleza. Zamani nikikutana naye aliniamkia kama inavyotakiwa, nami niliitikia. Siku moja nilijikaza nikamwuliza, "Habari za Tatu?" Akanitazama moja kwa moja usoni akasema, "Haina neno, somo." Tangu siku ile ndiyo navuka njia. Naona haya, Zuhura. Naona haya mpaka leo, na sijawahi kumwambia mtu isipokuwa wewe sasa hivi.

Kwa hiyo Salehe alipoweka kikombe chini asubuhi, mimi sikumsikia Salehe peke yake. Labda yeye hana nia yoyote mbaya. Labda hapendi tu kuulizwa na mwanamke mbele ya wanaume. Lakini nimejua, kwa hasara ya mtu mwingine, kwamba anayekujibu "hapana" amekuachia nafasi ya kumjibu, na anayekujibu "yaishe" amekunyima, na baadaye atasema uliridhika. Ukiambiwa hivyo moyo ukashtuka, usijione una moyo mbaya. Umeshtuka kwa sababu umeachwa nje. Uliza tena. Uliza hata kama chai inapoa na wageni wanakutazama.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu, maana mengi katika hayo ningeweza kumtuma Hadija akuambie.

Siku nne kabla ya arusi tulikuwa uani tunachagua mchele, mimi na wewe tu, wengine walikuwa wamekwenda kuazima masufuria. Ukaacha kuchagua. Ukasema, "Mama, kuna jambo nataka kukuambia habari ya Bwana Salehe." Nikakujibu bila kuinua macho, "Hizo ni aibu za bibi arusi, zitakwisha." Ukasema, "Haya, mama." Ukaendelea na mchele.

Nilifurahi uliposema haya. Hilo ndilo sitaki kulikumbuka, lakini nalikumbuka. Nilihisi kama mzigo umeniondoka. Wajomba zako walikwisha kukubali, watu walikwisha kualikwa, masufuria yalikuwa njiani, na kama ungesema ulilotaka kusema huenda ningelazimika kusimama nifanye jambo. Sikutaka kusimama. Nikatumia neno la haraka, kama baba yako na makuti yake, kama yule mzee barazani. Ulinijia mara moja, ukafukuzwa mara moja, hukunijia tena. Na asubuhi ya leo ulipoungana na mumeo kuniambia yaishe nilikasirika, kisha nikakumbuka ni nani aliyekufundisha.

Sijui ulitaka kusema nini. Nimekuwa nikijaza mwenyewe tangu asubuhi, na kila ninalojaza ni baya kuliko la kwanza. Mara nawaza ana mke mwingine Tabora. Mara nawaza umesikia habari ya hasira zake. Mara nawaza ni jambo dogo kabisa, hupendi mafuta anayopaka, na mimi mama yako najitesa bure. Huenda ndilo. Mimi nashuku kila kitu leo, na ninayemshuku zaidi ya wote ni mimi.

Barua hii anakuletea Hadija sasa hivi, magharibi haijaingia, na nimemwambia asimpe mtu mwingine hata akiombwa kwa adabu. Isome peke yako. Ukimaliza utaona sanduku lako la safari halipo ukumbini lilipokuwa. Usiwaulize wapagazi. Liko chumbani kwangu, na ufunguo wa mlango nimeufunga kwenye pindo la kanga yangu. Utakuja kulichukua, hapana budi, nguo zako zote zimo. Nitakuuliza ulitaka kuniambia nini siku ile ya mchele, na safari hii nitakuwa nimekutazama. Ukisema ni dogo, nitalisikiliza dogo lake mpaka mwisho, kisha nitakufungulia mlango na kukupakia gari la moshi kwa mikono yangu. Ukisema hutaki kwenda, nitakwenda mwenyewe kumwambia Salehe na wajomba zako barazani, na wote watakaponiambia yaishe, nitarudi chumbani nilikalie hilo sanduku, tuone nani atamwinua mwanamke mnene kama mimi.

Mama yako,
Mwanahamisi